Kicheche Aliyelambishwa Siagi

Paka wa kwanza wa Bamurange katika nchi hii ya Marekani alifukuzwa kazi Buffalo. Nasema alifukuzwa kazi kwa sababu ndivyo Bamurange mwenyewe anavyosimulia. Alimpa nyumba, alimpa samaki wa kopo, na siku panya wa Buffalo alipotoka nyuma ya jiko, paka alisogea pembeni akampisha. Bamurange alimnyanyua kwa ngozi ya shingo, akampeleka kwa mama mmoja wa Burma aliyeishi ghorofa ya chini, akamweleza kwa mikono kwamba huyu ni wa kutazamwa tu.

Watu hucheka wakiisikia hadithi hiyo. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipomwona mwanawe Ruta kwa karibu. Ruta hana ncha ya sikio la kushoto. Panya alimtafuna akiwa mchanga, katika kambi ya wakimbizi Burundi, wakati mama yake amekwenda kupanga foleni ya maji. Bamurange alirudi na dumu kichwani, akakuta blanketi limelowa damu. Tangu hapo mwanamke huyu, ambaye kwao Minembwe, milimani mashariki ya Kongo, alilala zizini na ndama bila kuogopa fisi, hawezi kusikia ukuta ukikwaruzwa akabaki ameketi.

Mimi naitwa Cibalonza, Mshi wa Walungu, Kongo hiyohiyo. Kwetu pia ng'ombe wapo, ila hatuwazungumzii kama mashemeji. Nilikuwa jirani yake mtaa wa Linden, Columbus, katika nyumba kuukuu ya mbao iliyogawanywa kati kwa ukuta: wao upande huu, mimi na wanangu upande ule. Mengi ninayoyasimulia niliyaona. Mengine niliyasikia kupitia ukuta, nikitaka nisitake.

Kutoka Buffalo alihamia Louisville kumfuata Ruta, aliyepata kazi ya ghala karibu na Okolona. Huko akakunja mashuka ya hospitali katika kiwanda kimoja cha kufulia mpaka mabega yakagoma. Kisha, mwanzoni mwa mwaka 2015, binti yake Mutesi akajifungua mtoto wa kiume hapa Columbus. Mutesi alikuwa mtunza wazee, na mumewe Ngarambe alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kuja nyumbani kubadilisha nguo. Nani angemlea mtoto? Bamurange alifunga virago kabla hajaombwa. Mtoto walimwita Rwema.

Sasa, watu wa milimani hawalei mtoto bila siagi. Hilo walihama nalo zaidi ya walivyohama na vyombo. Mtoto akishaogeshwa hupakwa siagi ya ng'ombe toka utosini mpaka vidole vya miguu, akang'aa, akanyooshwa viungo. Ya dukani Bamurange hakuitaka. Ilikuwa na chumvi na haikunuka chochote. Alijaribu maziwa ya dukani, akayagandisha, akayatikisa hata mikono ikafa ganzi, hayakutoa kitu. Mwisho akagundua vile viboksi vidogo vya krimu. Akamimina krimu ndani ya chupa kubwa ya plastiki, akaiweka magotini, akawa anaitikisa akiimba kwa sauti ya chini, na siagi ikatoka ya manjano, yenye harufu kali iliyovuka ukuta ikaja mpaka jikoni kwangu. Namkumbuka siku ile alivyofurahi. Alikuja kunionyesha chupa kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani.

Panya walikuwepo tangu awali. Ila baada ya mtoto kuzaliwa waliongeza ujasiri. Walianza chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia, wakapanda ndani ya kuta, na asubuhi moja Mutesi alimkuta mmoja ameketi juu ya kizuizi cha kitanda cha Rwema, anajipangusa ndevu. Alipiga kelele. Panya alimtazama kwanza, ndipo akashuka bila haraka.

Mwenye nyumba alipigiwa simu mpaka akachoka kupokea. Mwisho alituma pakiti za sumu, zikaachwa mlangoni. Bamurange alizishika kwa ncha za vidole.

"Sumu, panya anakula, anakufia ndani ya ukuta," aliniambia. "Ananuka juu ya mutoto. Na mutoto akianza kutambaa, ataokota nini? Hapana, Cibalonza. Hapana."

"Basi tuweke mitego."

"Mitego uliweka. Ulikamata nini?"

Nilikuwa nimekamata kidole changu mwenyewe.

Ruta ndiye aliyeleta wazo la kicheche. Kule ghalani alifanya kazi na mzee mmoja Mmarekani, dereva wa mashine ya kunyanyua mizigo, aliyefuga vicheche na kuwatumia kufukuza panya katika zizi la farasi la kaka yake. Mnyama mrefu mwembamba, kichwa kidogo, mwili unapita popote kichwa kinapopita. Paka hukaa nje ya tundu na kungoja; kicheche huingia. Panya akisikia tu harufu yake, alisema Ruta, anahama na watoto wake. Mzee alikubali kumwazima jike mmoja, na Jumamosi moja Ruta aliendesha gari kutoka Louisville na kizimba kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele.

Lakini huyo mzee alikuwa mtu mkweli, alitoa na maonyo, na Ruta aliyatoa yote sebuleni, sisi sote tukisikia. Kwamba panya mkubwa akibanwa hupigana, na kicheche anaweza kurudi amechanika uso. Kwamba watu wa kazi hiyo huweka na mbwa mdogo nje ya tundu, maana kicheche hufukuza wengi kuliko anaoua. Kwamba sehemu kubwa ya siku analala. Kwamba sumu isiwepo kabisa, maana akila panya aliyekula sumu naye amekwenda. Na kwamba matundu yasipozibwa, panya watarudi siku ileile kicheche akiondoka.

"Na neno moja la kusahau hapana," Ruta alisema, akimtazama mama yake. "Mzee alilisema mara nyingi. Hii nyama, hii kicheche, musiiache na mutoto mudogo. Hata kidogo. Inaona mutoto mudogo kama chakula."

Mutesi alimkumbatia Rwema akasogea nyuma. "Bon, mimi siitaki."

"Na panya unamutaka?" Bamurange akamuuliza.

Hapo kila mtu alilitazama sikio la Ruta, ingawa hakuna aliyelitaja. Wakapatana: kicheche atakaa kwenye kizimba kule chini, atatolewa kwa kazi tu, na mlango wa chumba cha mtoto utakuwa umefungwa saa zote. Bamurange alikusanya pakiti zote za sumu, akazitia kwenye mfuko, akazifunga na kuzitupa. Kuanzia siku hiyo hatukuwa na silaha nyingine.

Nikiri, kicheche yule alijua kazi. Alipoachiwa aliingia nyuma ya mashine ya kufulia, tukasikia vurumai ndani ya ukuta, makucha, vilio vyembamba, kisha kimya. Akatoka na panya mdomoni, akamlaza miguuni pa Bamurange. Bamurange alipiga vigelegele. Baada ya muda ukuta wa chumba cha Rwema haukukwaruzwa tena, na Mutesi akaanza kwenda kazini bila kupiga simu kila mapumziko.

Matatizo nayo yalikuja. Mnyama alinuka, na harufu ile ilishika mapazia. Alikuwa mwizi wa kuzaliwa: soksi, kijiko, kiatu cha mtoto, vyote vilikutwa chini ya ngazi. Mara moja alitoka ukutani na shavu limetobolewa na panya, likavimba usaha, na Bamurange akalikamua na kuliosha kwa maji ya chumvi kama angeosha jeraha la ndama.

Na kubwa kwangu mimi: panya wake walihamia kwangu. Wakimbizi juu ya wakimbizi! Waliokuwa wakila kwake sasa walikula unga wangu wa fufu, wakatoboa gunia, wakaacha vinyesi ndani ya sufuria. Nilikasirika vibaya sana. Niliona Bamurange amefagia kwake na kunirundikia mlangoni.

Ndiyo maana alasiri ile nilikwenda kwake. Mutesi alikuwa kazini. Nilikuta mlango wa jikoni wazi, na Bamurange ameketi na chupa yake magotini, anatikisa krimu. Juu, mtoto alikuwa amelala, ameshaogeshwa na kupakwa.

"Kuja uone unga yangu," nilisema hata kabla ya salamu. "Kuja uone kile banyama bako bamefanya."

"Panya wa ukuta niko nao miye?"

"Ulibafukuza wewe! Donc leo unaniazima ile kanyama. Nako kwangu ikafanye kazi."

Nilitegemea ugomvi. Yeye akatabasamu, akafungua chupa, akachovya kidole ndani. "Itakubali. Iko na akili sana. Ngoja niiite na chakula yake."

"Chakula gani?"

"Mafuta, hii siagi. Kila siku ikimaliza kazi ninaipa kidogo, na kidole. Nyama ikikunywa maziwa ya nyumba, haiwezi kuuma nyumba."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayesema jua huchomoza mashariki, na mimi sikuona kosa lolote. Kwao walioshiriki maziwa wamekuwa ndugu, na ng'ombe aliyelelewa kwa mkono hampigi teke aliyemlea. Nilimfuata ngazi za kuteremka nikiwaza unga wangu.

Kizimba kilikuwa kitupu. Mlango wake ulikuwa umefungwa, lakini waya wa pembeni ulisukumwa nje, na shimo lake halikuzidi ngumi ya mtoto.

Bamurange aliita. Ana mluzi wake wa midomo aliokuwa akiwaitia ndama, na kicheche aliuzoea. Akapiga mluzi tena. Tukatazama nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya kikapu cha nguo, chini ya ngazi palipokuwa na hazina yake ya soksi. Hayupo.

"Mulango ya mutoto?" nikamuuliza.

"Nilifunga. Nilifunga na mukono yangu."

Ndipo tukasikia Rwema. Nimezaa watoto watano, kilio cha njaa nakijua na cha usingizi nakijua. Kile kilikuwa cha tatu. Bamurange alinipita kwenye ngazi, yeye mwenye mabega mabovu na magoti ya miaka sitini, na nilipofika juu alikuwa ameshausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kweli. Ila nyumba ile sakafu yake ilishazama, na chini ya mlango palikuwa na mwanya wa kupitisha ndala.

Kicheche alikuwa kitandani mwa mtoto. Kulikuwa na damu kwenye shuka, na damu kwenye manyoya meupe ya kidevu chake. Nitasema nilichofanya: niliinama kutafuta panya. Nilitaka sana awepo panya mfu chini ya kitanda, damu iwe yake, mnyama awe ametukomboa. Hapakuwa na panya. Damu ilikuwa ya Rwema, na kicheche alikuwa ameshikilia kidole chake kidogo cha mkono wa kulia, na hakuachia.

"Usiivute!" Bamurange alipiga kelele, maana nilishanyoosha mkono. "Ukivuta, kidole kinaenda!"

Mtoto alikuwa amegeuka rangi kwa kulia. Bamurange alisimama kwa pumzi moja, kisha akapeleka kidole chake mbele ya pua ya mnyama, kidole kilekile alichochovya kwenye chupa. Kicheche alinusa. Akafungua mdomo, akaacha kidole cha Rwema, akaanza kulamba cha bibi yake. Alilamba kwa upole, amefumba macho, kama alivyolamba kila siku.

Nilimnyakua mtoto. Bamurange alibaki pale na mnyama anamlamba, na niliona uso wake ukielewa. Alitazama kidole chake kinachong'aa, akatazama mikono na miguu ya mjukuu wake iliyong'aa vilevile.

"Miye," alisema. "Ni miye."

Niliendesha gari mpaka hospitali huku yeye ameketi nyuma, ameukandamiza mkono wa Rwema kwa taulo, anaomba kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao. Madaktari walishona. Ncha ya kidole, sehemu ndogo chini ya ukucha, haikuwepo ya kushonwa. Walisema atashika kalamu na atashika mpira, na mnyama asiuawe, atazamwe kwanza asije akawa na kichaa cha mbwa.

Mutesi alikuja na sare yake ya kazi. Bamurange hakungoja kuulizwa. Alisimama katikati ya korido, akaeleza yote: siagi, kidole, kila siku. Hakulaumu waya wala mlango. Mutesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "sikio ya Ruta haikutosha?"

Bamurange alikaa kwenye kiti.

Kuanzia hapo hakumgusa mtoto. Hakuna aliyemkataza. Mutesi aliomba ruhusa kazini, akamlea mwenyewe kwa ukimya, na bibi akawa anapita kando ya kuta ndani ya nyumba ile, mikono imefichwa ndani ya kitenge. Rwema akilia, bibi aliganda alipo. Ruta alifika kutoka Louisville akiwa na hasira, akashuka chini moja kwa moja na kiatu mkononi. Bamurange akaketi juu ya kizimba.

"Ondoka, Mama."

"Ukiiua, munganga atajua namna gani kama iko na kichaa? Na hata bila munganga. Hii nyama ilifanya kile nilifundisha. Kama unataka kupiga, nipige miye."

Ruta aliweka kiatu chini. Akasema basi, muda wa kumtazama mnyama ukiisha, atakuja kumchukua, na mama pia, warudi wote Okolona. Mutesi alisikia, akaendelea kukunja nguo. Hakusema mama abaki, hakusema aende.

"Sawa," Bamurange alisema. "Lakini nizibe matundu kwanza."

Akaziba. Nilimsaidia, na hasira yangu ya unga ilikuwa imekwisha zamani. Tulinunua saruji, mabati, na zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ambazo panya hawezi kuzitafuna. Tulitambaa upande wake na upande wangu, tukasokota na kukandika. Alifanya kazi kwa ukali, vidole vikichanika, na nilipomwambia apumzike alinitazama nikarudi kukoroga saruji.

Chumba cha Rwema tulikifanya mwisho. Tuliposogeza kitanda, tulikuta tundu kwenye ubao wa chini, kingo zake nyeusi na laini. Bamurange aliingiza waya akavuta. Kikatoka kitambaa, kisha kingine, kisha kiota kizima cha vitambaa vilivyochanwa. Vilikuwa vyake, vile alivyofutia mikono baada ya kumpaka mtoto na kuvitupa kwenye kikapu chini ya kitanda. Bado vilinuka siagi.

"Nao niliwaita miye," alisema.

Sikumbishia. Ingekuwa uongo, naye asingeukubali. Nilimshika bega tu, akaniacha nimshike. Kisha akajaza nyuzi za chuma ndani ya lile tundu na kupigilia bati, akapigilia misumari mingi kuliko ilivyohitajika. Chupa ya siagi aliiosha kwa maji ya moto, akaitupa.

Siku aliyokuja Ruta, begi la Bamurange lilikuwa tayari mlangoni. Mnyama alikuwa mzima, hana kichaa, analala ndani ya kizimba kipya. Ukuta ulikuwa umekwaruzwa asubuhi ile, tulisikia sote, mkwaruzo wa mtu anayejaribu mlango uliofungwa, kisha ukakoma. Mutesi alikuwa arudi kazini mchana huo kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameniomba nimwangalie Rwema, kwa hiyo nilikuwa nimeketi sebuleni, nikiona aibu kuchukua kazi ambayo si yangu.

Mutesi alishuka ngazi na mtoto ametoka kuoga, amefungwa taulo. Hakuja kwangu. Alikwenda jikoni, tukasikia friji ikifunguliwa, akarudi na chupa mpya ya plastiki iliyojaa krimu nusu. Akaiweka magotini pa mama yake.

"Mutikise, Mama," alisema. "Ngozi ya mutoto imekauka."

Bamurange hakuigusa. Machozi yalimshuka, akaacha yashuke. "Na Ruta ananingoja."

"Ruta atajua njia ya kwenda."

Ruta alitutazama, akalipapasa sikio lake, akanyanyua kizimba akatoka peke yake. Ndani, krimu ilianza kugonga kuta za chupa, taratibu, kisha kwa nguvu. Siagi ilipotoka Mutesi alimlaza Rwema miguuni pa bibi yake, akabaki amesimama, saa ya kazi ikimpita.

Bamurange alianza utosini. Akashuka shingo, mgongo, mapaja, nyayo. Akapaka mkono wa kushoto, kidole kwa kidole. Alipofika mkono wa kulia, kwenye kile kidole kifupi chenye ngozi mpya nyekundu, alisita, akamtazama binti yake. Mutesi akaitikia kwa kichwa. Akakipaka nacho, polepole, akakipuliza, kisha akaomba kitambaa, akafuta mikono, na badala ya kukitupa kikapuni akakikunja ndani ya mfuko wake mwenyewe.